Dokteri wa Mawe Hakusema

Dokteri wa Mawe akikuta kijiwe mu maharagi, nyumba yote ilinyamaza. Muntu mwenye alipitisha maisha yake katikati ya mawe, mwenye aliyabebesha watu toka Walikale mpaka kwetu Ngungu, hakukubali ata kajiwe kadogo kama jicho la panya kapite katikati ya meno yake. Alikatoa na vidole viwili, anakaweka pembeni ya sahani, anakaangalia kwanza. Bibi yangu wa ndoa, Mama Riziki, alimuchokozaka: "Dokteri, ile nayo pima. Pengine iko na ndugu yake Bulaya." Sisi wote tunakufa na kicheko. Yeye hacheki. Anajibu polepole: "Mama, sijui limetoka wapi. Jiwe lenye sijui lilikuwa limelala namna gani, siwezi kulisemea kitu."

Naandika juu yake, na ata mimi sijui kama ni masikitiko ao ni mashitaka. Mulima wetu ulitelemuka mu masika ya mwaka moja, ukafunika nyumba saba. Mama Riziki alikuwa mu moja. Mimi ulinikamata muguu tu. Wenye waliuchimba miguu nawajua, na sina woga tena ya kuwataja: Léonard Bwira, komi, karani wa kazi za njia ku ofisi ya teritware, Anselme Kambale, mwenye malori, na kapita Faustin Mushesha, mwenye alisimamia nyundo na baramina, zile nondo za kupasulia mawe. Hao watatu nimekwisha kuwahukumu mu roho yangu, na Mungu atafanya yake. Ni huyu wa ine, Dokteri, ananisumbua. Sijui nimuweke upande gani. Nilisoma miaka tatu tu ya primère, na kupima muntu ni nguvu kuliko kupima jiwe. Lakini nilibeba mizigo yake miaka mingi, nilikula naye sahani moja. Basi niseme yenye niliona.

Kwanza, hakuwa dokteri. Alikuwa asistan, musaidizi tu. Wazungu wa enstiti, wenye walikuwa wanachunguza mawe ya inchi yetu, walikimbia kisha uhuru, wakamuachia sanduku mbili, moja ya kupimia sauti mu mawe, na busole ya kuonyesha kaskazini, nyundo tatu na kanzu moja nyeupe. Bwana wake alimuambia: "Endelea mpaka nirudie." Akaendelea. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bwana hakurudia. Kila mwisho wa mwezi Dokteri aliandika barua ndefu kwenda Bulaya, yote shifre tupu, hesabu za vipimo. Hakuna barua yenye ilirudia. Watu wakimuita Dokteri, anainua mukono: "Hapana, hapana. Asistan." Lakini muntu akimuita asistan, siku ile hatakula vizuri. Sisi tulijua, tukaendelea na Dokteri.

Kazi yake ilikuwa hii. Alitafutaka mawe ya ngozi-ngozi, yale yenye ukiangalia pembeni unaona mistari kama kurasa za kitabu kimefungwa. Alisema kama sauti inakimbia mbio ikifuata ile mistari, na ukiipitisha ya kuikata, inachoka. Yeye alitaka kujua inachoka kiasi gani. Njo ile tu. Kwa ile njo aliacha kuoa.

Mimi nilimuuliza siku moja: "Dokteri, jiwe si ni jiwe?"

"Kaka, wewe unapasula kuni?"

"Napasula."

"Unapiga shoka upande gani?"

"Kufuata muti vile uliota."

"Basi na jiwe liliota. Kila jiwe liko na upande wenye linakubali na upande wenye linakatala. Mimi natafuta pale linakubali."

Kupima jiwe moja kuliomba majuma mbili. Mashini ya kukatia mawe wazungu walienda nayo, basi yeye alikata na upanga wa chuma usio na meno. Anamwaga mchanga na maji, anavuta upanga kwenda na kurudi, kutwa nzima, kroo, kroo, mpaka kuku wa jirani wanazoea. Anatoa kitu kidogo chenye pande sita, sawasawa kama sabuni mpya. Kiisha anakipima uzito ku mizani ya mama mwenye anauzisha maharagi: mara moja mu hewa, mara moja kimefungwa uzi kimezama mu sufuria ya maji. Ile mama alisema: "Dokteri, mimi hivi ninauzisha mawe ao maharagi? Wateja wataniuliza." Alafu anakiweka katikati ya masikio mbili ya sanduku lake, anafungulia betri ya kamyo, ya lori, na mu kioo kidogo cha sanduku mustari wa kijani unaruka. Ili masikio yashikane na jiwe vizuri alipakaa asali. Asali ya Walikale, ile nyeusi ya pori. Watoto walipangaka mustari inje ya mulango, wanangoja amalize. Wakaramba mawe ya masomo makubwa kama vile ni bonbon.

Na sasa sikilizeni habari ya alama, maana kila kitu kilitokea pale. Dokteri hakuvunja jiwe ku mulima ata siku moja mbele ya kuliandika. Anaweka busole, anachora mushale wa kaskazini, anachora mustari wa maji ukitulia, na kamushale kengine kuonyesha jiwe linainamia wapi. Njo anapiga nyundo. Ukimuletea jiwe umekwisha kuvunja, ata likiwa zuri namna gani, analitupa. Alisema jiwe bila alama ni kama mutoto ameokotwa ku soko, hajue kwao.

Alikuwa muoga. Aliogopa kuku, aliogopa ngurumo, aliogopa kuvuka muto ata maji ikiwa ya magoti. Mu pori la Walikale mimi njo nilimubeba mu mugongo, na yeye nyuma yangu anasali Salamu Maria mbio-mbio bila kupumua. Lakini ile mwaka ya fujo, tulipotoka Walikale na sanduku ine, tukakuta barière. Askari walikuwa wamekunywa. Moja akasema: "Fungueni. Tuone dahabu."

Tukafungua. Mawe.

"Munabeba mawe? Munatoka na mawe Walikale munapeleka Masisi? Kule munakosa mawe?"

Dokteri akasema: "Hii yenye umeshika imepinduka. Tafazali geuza. Mushale uangalie kule."

Askari akamupiga kofi. Kofia ikaruka. Dokteri akaokota kofia, akaivaa, akasema vile vile: "Mushale uangalie kule, papa."

Sijui ni nini ilimupata ule askari. Aliangalia jiwe, akaangalia Dokteri, akaligeuza. Mwenzake akaanza kucheka: "Wee, achana naye, huyu kichwa kilishapasuka." Tukapita. Kilometre moja mbele, Dokteri akakaa chini, akatapika. Mimi nikamuambia: "Dokteri, ungefanya watuue juu ya mushale." Akajibu: "Najua." Akapanguza mudomo. "Lakini alikuwa amelishika vibaya."

Na bado sijasema tabia yenye ilituchekesha na yenye ilituua. Dokteri hakusema kitu chenye hakupima. Unamuuliza: mvua itanyesha? "Sijapima." Hii fufu ni tamu? Anakula kwanza yote, anamaliza, njo anasema: "Ilikuwa tamu." Padri alimuuliza siku moja kama anaamini ufufuko. Akafikiri mpaka padri akajuta, kiisha akasema: "Nakubali, padri, lakini kwa kukubali tu." Mama Riziki alisemaka: "Huyu ukimuwashia nyumba moto, atatoka kutafuta kipimo cha moto." Tulimupenda vile. Tuliona ni heshima. Tulikuwa tumechoka na watu wenye kusema bila kujua. Teritware yote ilikuwa imejaa nao.

Sasa mawe ya mulima wetu. Kisha kuzunguka Walikale yote, alisema mawe mazuri kuliko yote yako nyuma ya nyumba yetu. Ngozi-ngozi safi, nyembamba, zinatoka kama maganda ya mugomba. Mwaka nzima alichora na kuvunja, chora na vunja, tukajaza sanduku tatu. Sanduku lake la masikio lilikuwa limekufa, betri imemwaga maji yake, basi mawe yalipaswa kwenda Bukavu, kwa mashini kubwa yenye ilibakia kule. Rangi yake ya kuchorea pia ilikuwa imeisha. Maduka yalikuwa yamefungwa tangu fujo. Akachora na chaki ya masomo.

Siku tatu mbele ya kamyo kuja, malaria ikamuangusha, akapelekwa ku hospitali ya masista. Na mimi nikaona zile sanduku. Vumbi, udongo, chaki imepakaa-pakaa kila fasi. Kwetu kitu cha kupelekea mukubwa hakitoke mu nyumba na uchafu. Ata kama ni viazi, unaviosha, unapanga mu kitunga, unafunika na majani mabichi. Nikamuambia bibi yangu: "Haya mawe yanaenda Bukavu kwa wakubwa. Watasema watu wa Ngungu hawana maji?" Mimi njo nilisema. Mama Riziki akaita wamama wawili wa jirani, wakaosha na majivu na mchanga, jiwe kwa jiwe, wakaimba. Wakafunika na majani ya migomba.

Dokteri alirudia amekonda, macho ya manjano. Mama Riziki akafunua sanduku mwenyewe, na furaha: "Angalia, Dokteri. Yanaangaa kama sahani za misa!"

Aliangalia. Akachukua moja, akaligeuza, pande zote. Akachukua lingine. Kiisha akakaa juu ya sanduku. Mimi nilizania ni malaria. Akasema: "Aksanti, Mama. Aksanti sana." Na hakuongeza kitu. Sanduku hazikupanda kamyo. Tukashangaa, tukasahau.

Haikupita mwezi, Anselme Kambale akaja na malori yake. Njia ilikuwa imekufa, maharagi yetu yanaoza mu magunia. Kambale alitaka mawe ya kutengeneza njia, na alitaka ya karibu. Faustin Mushesha akaonyesha kidole nyuma ya nyumba zetu: "Pale chini ya mulima jiwe linatoka vyepesi. Unaweka baramina, linajifungua peke yake." Wazee wakanung'unika. Mama moja akauliza: "Mukikata miguu ya muntu, atasimama?" Njo Léonard Bwira akaitisha mukutano, akakaa nyuma ya meza na karatasi yake. Akamuita Dokteri katikati ya watu.

"Wewe iko na kazi ya mawe. Sema mbele ya wote. Tukichimba pale, mulima utavumilia ao hautavumilia?"

Dokteri alisimama na kanzu yake nyeupe yenye viraka.

"Siwezi kusema," akasema. "Mawe yangu ya mulima huu yamepoteza alama. Munipe miezi mbili nianze upya."

Kambale akapiga makofi: "Miezi mbili! Maharagi yatakungoja? Diplome hana, alama hana, sasa iko na nini?"

Moja akajibu toka nyuma: "Iko na asali!"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, niseme ukweli.

Bwira akauliza: "Nani alifuta zile alama?"

Nilihisi Mama Riziki pembeni yangu anakuwa mugumu kama muti. Sasa njo nilielewa, na yeye alinitangulia kuelewa. Dokteri hakutuangalia. Akasema: "Mvua. Mvua ilinyesha juu ya sanduku."

Ule muntu mwenye hakusema kama fufu ni tamu mpaka aimalize. Ule njo aliongopa, mbele ya watu wote, kwa kumukinga bibi yangu.

Bwira akaandika ku karatasi: muntu wa mawe hana kizuizi kwa kuchimba. Nilisikia anaisoma kwa sauti. Dokteri naye alisikia. Kesho yake Faustin alianza kupiga.

Tangu siku ile Mama Riziki hakulala vizuri. Kila nyundo ikilia kule nyuma, anaweka mukono ku shavu. "Baba Riziki, ni mimi nilifuta." Namuambia, ni mimi nilikutuma. Anasema: "Lakini mikono ilikuwa yangu." Nilimuambia tuhamie kwa mama yake, kule Burungu, kwenye tulikuwa tumetuma binti yetu. Akakatala. Sijui kama alikuwa anajiazibu.

Mulima ulikuja saa ya chakula cha muchana, kisha siku tisa za mvua. Haukuanguka vile watu wanawazia, kuvunjika na kubingirika. Ulitelemuka, nzima-nzima, ngozi ya juu ikiteleza juu ya ngozi ya chini, sawa blanketi inatoka ku kitanda. Migomba ilikuja imesimama. Mimi nilikuwa mu shamba ya viazi, pembeni. Muguu wangu ulibaki chini ya jiwe mpaka mangaribi. Faustin Mushesha na watu wake walikuwa wameenda kukula ku barabara, wote wakapona. Dokteri alikuja bila kofia, akachimba na mikono siku mbili. Makucha yake yalitoka. Walipomutoa Mama Riziki, aliangalia mara moja tu, akaondoka. Hakuja ku mazishi. Hakuniaga. Watu wakasema ameenda Walikale, wengine wakasema alivuka mupaka.

Bwira walimupandisha cheo. Kambale akanunua kamyo nyingine. Faustin anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, ku soko na anasalimia watu vizuri kabisa. Kila mwenye aliuliza, Bwira alimuonyesha karatasi: muntu wa mawe hakuwa na kizuizi.

Dokteri nilimuona tena mwaka jana, kule Mushaki. Siwezi kulima tena na huu muguu. Nauzishaka viazi pembeni ya njia, kwenye kamyo zinasimama kupoza moteri. Yeye alishuka mu moja, muzee kabisa, hana nyundo, hana kanzu. Tuliangaliana. Akakaa juu ya gunia yangu ya viazi bila kuomba ruhusa, vile alikuwa anafanya kwangu.

"Nilienda kule," akasema. "Ngozi ya chini sasa iko wazi, kubwa kama uwanja. Niliweka busole juu yake. Inalala imeinama kuelekea njia. Kuelekea nyumba zenu."

"Basi sasa umepima," nikamuambia. "Sasa unajua."

Akatikisa kichwa. "Nilijua toka zamani."

Nikamugeukia.

"Kaka, kujua mulima unalala wapi, hakuombe sanduku, hakuombe asali. Busole na dakika mbili. Ata jicho linatosha. Nilipita pale kila asubui miaka yote ile."

"Na zile alama?"

"Zilikuwa za kujua sauti inakimbia namna gani mu jiwe. Za kazi ya Bulaya. Kwa kujua kama mulima utashuka, hazikuhitajika."

Kamyo ilikuwa inanguruma. Konvwayeri, musaidizi wa shofere, anapiga mulango: "Tunaenda! Wa Sake!" Dokteri hakuinuka ku gunia.

Nikasema: "Mama Riziki alikufa akijua ni yeye. Miezi yote ile, kila nyundo. Ungemuambia neno moja."

"Ningemuambia."

"Hukumuambia."

"Sikumuambia." Aliangalia mikono yake. "Walinifundisha asistan hasemi. Asistan analeta shifre, bwana njo anasema. Bwana alienda. Nami nikabakia pale nangoja mwenye atasema."

"Ulikuwa umebakia peke yako."

"Njo vile."

Sikuwa na huruma, niseme wazi. Nilikuwa na karatasi mu mufuko, ya daftari ya binti yangu. Tulikuwa tumesikia watu wa komisyoni watapita Masisi kuuliza habari ya ile kufa kwa watu, nami nilikuwa nimeandika majina matatu na mukono wangu mubaya: Bwira, Kambale, Mushesha. Nikamupa asome. Nilitaka aone. Nilitaka aniambie kama nimeyaandika vizuri, sijui.

Alisoma muda murefu kwa majina matatu.

"Inakosa moja," akasema.

Akaomba bic ya kuandikia. Nilikuwa nayo. Nilikuwa naweza kumuambia: wacha, Dokteri, wewe ulimufunika bibi yangu mbele ya watu, wewe ulichimba mpaka makucha yakatoka. Maneno yalikuwa pale ku ulimi. Akaweka karatasi juu ya goti lake, lakini kamyo ilipopita, upepo wake ukainyanyua pembeni. Nikainama na muguu wangu mugonjwa, nikaishikilia na vidole viwili, isitembee, mpaka akamaliza kuandika jina lake.